Kanisa limekataa kuzika kwa sababu ya deni la ahadi: tunazikaje kwa heshima?

Mkazi wa Uru
Wakuu, habari za jioni. Huku Uru, Moshi Vijijini, kuna bibi mjane amefariki juzi hospitalini, mwili uko mochwari. Kanisa lake limekataa kutoa ibada ya maziko mpaka ukoo ulipe ahadi ya jengo na bahasha za sadaka za miaka 2, jumla shilingi 340,000. Bibi ameugua muda mrefu na alikuwa analea wajukuu 4. Maziko ni Jumamosi, kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo penye nyumba yake. Wengine wanataka tuchangishane tulipe, wengine tuzike wenyewe. Je, inaruhusiwa kuzika bila mchungaji wala padri? Nani anaongoza? Tufanyeje ili wale watoto wasione bibi yao amezikwa kama mtu asiye na watu?

Mzee Baraza
Poleni sana kwa msiba. Msilipe. Hiyo 340,000 itatoka kwenye rambirambi, na rambirambi ni ya wale watoto.

Inaruhusiwa. Sheria ya nchi inataka kifo kiandikishwe na kuwe na kibali cha maziko, basi. Hospitali itawapa karatasi mbili mnapochukua mwili: taarifa ya kifo na kibali cha maziko. Hakikisheni majina yanalingana na kitambulisho kabla hamjaondoka dirishani, maana herufi moja ikikosewa mtasumbuka kwenye mirathi ya kihamba. Kifo chenyewe kinatakiwa kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wilayani ndani ya siku 30.

Kabla ya Jumamosi, watu 3 waende kwa kiongozi wa kanisa waombe sababu ya kukataa kwa maandishi. Waende kwa upole. Mara nyingi aliyetamka neno ni mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya, na mchungaji hajaambiwa habari yote. Kama ni KKKT, yaani Walutheri, juu ya usharika kuna mkuu wa jimbo, kisha dayosisi. Kama ni Katoliki, someni Sheria ya Kanisa ya 1983: kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa, kama walioikana imani waziwazi, na deni la fedha halimo. Kanuni ya 1181 inaagiza maskini wasikoseshwe maziko yanayostahili. Anayedai bahasha mbele ya jeneza anavunja sheria ya kanisa lake mwenyewe, na inauma, kwa sababu huyo huyo atasimama Jumapili asome Mathayo 23, pale Yesu anapowakemea wanaolipa zaka ya mnanaa na bizari huku wameacha adili na rehema.

Tena maziko si sakramenti, kwa Wakatoliki wala kwa Walutheri. Joho likikosekana kaburini, ubatizo wa bibi haupungui kitu.

Fundi wa Kihamba
Niongezee upande wa kaburi, maana kanisa likigoma, vijana wake nao huwa hawaji na kazi yote inabaki kwenu.

Pimeni jeneza kwanza, mabegani ambako ni pana, ndipo mchimbe. Acheni nafasi ya kiganja kila upande. Kwa kawaida inatoka urefu futi 7, upana futi 3, kina futi 6. Kaeni mbali na mfongo, ule mfereji wa kumwagilia: maji yanapenya kwa chini na ukuta unaweza kubomoka usiku wa kuamkia maziko. Udongo mnaoutoa uwekeni hatua mbili kutoka ukingoni, la sivyo watu wakipanda juu yake kingo zinakatika.

Kamba za katani 3, kila moja mita 7, wanaume 6. Kinachosumbua kila mara ni kamba kubanwa chini ya jeneza. Lazeni miti 2 ya unene wa kifundo cha mkono chini kaburini, ikingame. Jeneza likitua juu yake, upande mmoja unaachia na mwingine unavuta taratibu. Juu ya jeneza wekeni mabanzi, kisha udongo, kisha tuta. Zege na vigae si lazima, na mkijenga wiki hiyo hiyo udongo utatitia na zege litapasuka. Subirini masika moja ipite.

Kichwani pandeni isale, ule mmea wa heshima wa Wachaga. Wazee waliombana msamaha kwa jani hilo na kulipanda penye makaburi kabla misheni yoyote haijafika mlimani.

Binti wa Majengo
Majirani Waislamu waiteni waziwazi, msingoje wajilete, kwa sababu wengi husita wakidhani watakuwa wanaingilia ibada ya watu. Kuchimba, kubeba, kupika na kukaa na wafiwa wanaweza. Sala ya Kikristo hawataitikia, watasimama kimya, na hiyo isichukuliwe kuwa dharau. Katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, imepokewa kwamba Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi akajibu, "Je, si nafsi?"

Deni la marehemu kwetu Waislamu ni jambo zito. Kuna hadithi kwamba Mtume alisita kumswalia mwenye deni mpaka swahaba Abu Qatada alipolibeba. Lakini hata siku ile hakusema asizikwe. Aliwaambia maswahaba wamswalie. Na lile lilikuwa deni la mkopeshaji. Sadaka ambayo mtu aliahidi akiwa mzima, akaugua, akashindwa, haiwi mkopo.

Katibu wa Kikundi
Kuongoza, chagueni mtu mmoja wa ukoo anayeheshimika na asiye na ugomvi na kanisa. Mwombeni asiseme neno lolote juu ya ile 340,000 pale kaburini. Siku ile ni ya bibi. Dakika 40 zinatosha: wimbo ambao watu wanaujua bila kitabu, Zaburi 23, wasifu wa ukurasa mmoja, sala, kushusha. Wasifu utaje kazi za mikono yake na watoto aliolea kwa majina. Kisha, kabla jembe halijagusa udongo, kila mjukuu arushe wake kwa mkono, mmoja mmoja, na mtu mzima amshike bega. Msiwaharakishe.

Halafu someni katiba ya kikundi chenu cha kufa na kuzikana. Vingi vina kifungu kwamba asiyechanga miezi 3 hahudumiwi. Hilo ni kosa lile lile mnalolililia leo. Kifungu kisomeke hivi: aliyechelewa atapunguziwa fedha taslimu, lakini turubai, viti, sufuria na wachimbaji ni haki ya kila kaya.

Mkazi wa Uru
Asanteni mno wakuu. Kuna wanakwaya wanataka kuja ila wanaogopa kutengwa.

Mzee Baraza
Waje kama majirani, bila sare na bila jina la kwaya. Waimbe wakiwa wamechanganyika na watu, wasijipange mstari. Na wapeni kazi asubuhi na mapema, kina mama jikoni, vijana kwenye maturubai. Atakayeulizwa atajibu alikwenda kusaidia msibani. Viti vya mchungaji na wazee wa kanisa wekeni vile vile, mbele. Wakija, wakaribisheni waketi.