Kimondo kimoja kiliwamalizaje dinosaria dunia nzima?

Baba Tunu, Vwawa
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kimondo chetu cha Mbozi nakijua tangu utoto, kipo pale kimelala hakina ubaya na mtu. Sasa binti yangu kaniuliza: kile kilichoanguka Meksiko miaka milioni 66 iliyopita kiliwauaje hata dinosaria wa upande huu wa dunia? Nikabaki namtazama. Au kazi ilifanywa na volkano za India?

Kobe Mzee
Chako kina urefu wa mita 3. Kile kilikuwa na upana wa kilomita 10 au zaidi.

Mchimba Jasi
Ukubwa ni nusu tu ya habari. Uliza kiliangukia wapi. Nachimba jasi huku Makangaga, Kilwa, kwa hiyo hapa niacheni nijidai kidogo. Pale Chicxulub, rasi ya Yucatán, ardhini kulikuwa na chokaa na jasi ya kumwaga, na jasi ina salfa. Ilipogeuka mvuke, salfa ikapanda juu kabisa, kusikofika mvua ya kuiosha, ikatanda dunia nzima pamoja na vumbi na masizi. Mwaka 2016 watafiti walitoboa ndani ya shimo lile, wakatoa mawe kuanzia mita 506 hadi 1,335 chini ya sakafu ya bahari. Jasi, ambayo imejaa miamba ya jirani, humo karibu haimo! Sisi tukiikosa ni hasara, wao wakapata ushahidi kwamba iligeuka mvuke.

Jua likafifia, mimea ikakwama, walao majani wakafa njaa, na waliowala wakafuata. Hesabu za kompyuta za 2017 zinaonyesha wastani wa joto la dunia ulishuka kwa nyuzi zaidi ya 20.

Baba Tunu, Vwawa
Kumbe baridi! Mimi nilidhani moto.

Mchimba Jasi
Joto lilikuja baadaye. Salfa ilishuka baada ya miaka kadhaa, ila kaboni dioksaidi ya ile chokaa ilibaki hewani. Kule El Kef, Tunisia, meno na mifupa ya samaki wa wakati ule inaonyesha joto lilipanda kama nyuzi 5, likakaa hivyo miaka 100,000 hivi. Volkano za India zilianza kabla ya kimondo na zikaendelea baada yake; wataalamu bado wanavutana kuhusu mchango wake. Mimi kura yangu naipa jasi, mnaelewa kwa nini.

Kobe Mzee
Na dinosaria wale waliofukuliwa Tendaguru, Lindi?

Mchimba Jasi
Wale ni wa miaka milioni 150 iliyopita. Kimondo kinafika, wao ni mawe zamani.