Mafundi wa Shrewsbury, 1973: walionewa au walijitakia?

MLETA MADA
Wakuu, kiongozi wa chama cha wafanyakazi akifungwa kwa sababu ya mgomo, kuna wa "kaonewa" na kuna wa "kajitakia". Naleta kesi ya Uingereza tuipasue.

Mwaka 1972 mafundi ujenzi waligoma nchi nzima. Walidai pauni 30 kwa wiki ya saa 35, na ule mtindo wa kibarua ukomeshwe: unalipwa mkononi, huna bima wala likizo, ukianguka kwenye jukwaa hakuna anayekujua. Tarehe 6 Septemba mabasi ya wagomaji kutoka kaskazini mwa Wales yakazunguka saiti za Shrewsbury na Telford, kuwataka wenzao waweke zana chini. Polisi walikuwapo. Hakukamatwa mtu. Miezi mitano baadaye ndipo wakaanza kufuatwa, wakashtakiwa 24. Desemba 1973 Des Warren, fundi nondo, akala miaka 3. Ricky Tomlinson, fundi plasta, miaka 2. John McKinsie Jones miezi 9. Wengine watatu wa kesi hiyo ya kwanza walipewa kifungo cha nje.

Msimamo wangu: uonevu ulianzia kwenye hati ya mashtaka. Sheria ya 1875 ilisema anayetisha wafanyakazi wenzake asifungwe zaidi ya miezi 3. Wakaongezewa "kula njama", kosa ambalo halikuwa na ukomo wa adhabu. Yaani kutenda miezi 3, kupanga kutenda miaka 3! Bunge lenyewe liliziba mwanya huo mwaka 1977.

MCHANGIAJI 1
Mkuu, mbona umewaruka waliokuwa ndani ya saiti? Kuna mafundi hawakutaka kugoma, wana watoto wa kulisha. Mashahidi walieleza vitisho na mawe. Kumshawishi mwenzako getini kwa amani ruksa, ila watu wa mabasi mazima wakikuzunguka na wewe uko juu ya ngazi, hiyo amani iko wapi?

MLETA MADA
Aliyerusha jiwe ashtakiwe kwa jiwe lake, sina ugomvi. Ila hao mashahidi unaowategemea ndipo kesi ilipoangukia. Mtafiti Eileen Turnbull alichimba Nyaraka za Taifa akakuta dokezo la Septemba 1973: baadhi ya maelezo ya awali, yaliyoandikwa kwa mkono, yaliharibiwa baada ya mashahidi kuandikisha mapya. Upande wa utetezi haukuambiwa. Tarehe 23 Machi 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za waliokata rufaa, 14. Warren hakuyaona hayo, alifariki 2004.

MCHANGIAJI 2
Tusichanganye mambo. Mahakama haikusema hawakufanya. Ilisema kwa vipimo vya leo kesi haikuwa ya haki, kwa hiyo hukumu haiwezi kusimama. Tena kulikuwa na hoja ya kipindi cha televisheni kuhusu wakomunisti kwenye vyama vya wafanyakazi, kilichorushwa kesi ikiendelea. Majaji waliikataa. Kwa hiyo anayedai imethibitishwa kwamba serikali iliwatengenezea kesi anavuka mpaka. Utaratibu ulikiukwa, sawa. Kwamba hawakuwa na kosa, mimi sijui.

MCHANGIAJI 3
Mkuu, kortini "sijui" ni ushindi wa mshtakiwa. Anayeshtaki ndiye athibitishe.

MLETA MADA
La televisheni nakubali, majaji walilitupa. Ila hicho kisingizio cha "vipimo vya leo" kinanikera. Kwani mwaka 1973 mawakili hawakujua kumhoji shahidi? Wakili wa Warren angeyapata yale maelezo ya kwanza, angemgeukia shahidi palepale kizimbani: "Mara ya kwanza hukusema hivi, nini kimebadilika?" Karatasi zilikwisha kuharibiwa, na aliyepaswa kuuliza hakujua kama ziliwahi kuwapo.