Nafasi moja ya sefti, vijana watatu: mwepesi, nyundo au kona wa kugeuzwa?

Kigoma_Columbus
Wakuu salaam. Nasaidia kufundisha mabeki wa nyuma kwenye timu ya shule moja ya sekondari hapa Columbus, Ohio. Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, siyo soka, msije mkanirukia bure. Sefti wetu mmoja kati ya wawili, wale walinzi wa mwisho kabisa nyuma, kamaliza shule, na kocha mkuu anataka jina la mrithi Jumatatu. Ninao watatu.

Wa kwanza ana ratili (pauni) 160, mwepesi kama paa. Anasoma macho ya kwotabeki, yule mrusha pasi wao. Mpira haujatoka mkononi, yeye keshaanza kuukimbilia. Ila akikutana na mkimbiaji mzito anaishia kuning'inia shati na kuburuzwa.

Wa pili ana ratili 205, msimu uliopita alikuwa lainibeka, mlinzi wa safu ya kati, mbele ya sefti. Akigonga mtu, hata jukwaani wanashika mbavu. Lakini mpokeaji akijifanya anakata ndani kisha akapasua kwenda juu, huyu bwana anabaki anauliza njia.

Wa tatu ni konabeki, mlinzi wa pembeni, mzuri sana kumganda mtu mmoja. Kusimama katikati na kuutazama uwanja wote, hajawahi.

Mngemweka nani?

Raven_wa_Pwani
Mwepesi, na sihitaji kufikiri. Baltimore Ravens walimchukua sefti Ed Reed namba 24 kwenye drafti ya 2002, pale timu za ligi kubwa zinapogawana wachezaji wapya, amestaafu akiwa amenasa pasi 64. Ile ya 2008 dhidi ya Eagles aliirudisha yadi 107 mpaka tachidauni, yaani bao, na ni rekodi ya ligi. Halikuwa jitu la miraba minne lile. Kuangusha watu kunafundishwa, mkuu. Macho mtu anakuja nayo.

Nyundo_Mbili
Raven unaongea kama wote tunacheza NFL, ligi ya kulipwa. Timu za shule ninazozitazama huku zinakukimbizia mpira katikati mpaka uombe poo. Pasi ndefu utaziona nne, tano. Sasa huyo paa wako atafanya nini mechi nzima, atapamba uwanja?

Weka nyundo. Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2014, Seattle 43, Denver 8. Kam Chancellor, sefti wa Seattle, futi 6 na inchi 3, alimgonga Demaryius Thomas, mpokeaji wa Denver, mapema kabisa, na robo ya kwanza haijaisha akamnasia kwotabeki wao Peyton Manning pasi. Na alichukuliwa raundi ya tano tu, 2010.

Raven_wa_Pwani
Na nyuma ya Chancellor alikuwa nani? Sema, usione haya. Earl Thomas, futi 5 na inchi 10, raundi ya kwanza ya drafti hiyohiyo. Seattle walimwacha huyo Earl peke yake nyuma katikati, ndipo Chancellor akapata ruhusa ya kushuka mbele akawa kama lainibeka wa nne. Mtoe Earl uone kama huyo nyundo atathubutu kushuka.

Mnazi_Usiku
Jamani mimi niko Dar, hizi mechi nazitazama saa ambazo majogoo wanawika. Huyu sefti si ndiye libero wetu wa zamani wa soka, beki huru wa nyuma kabisa? Franco Baresi pale AC Milan hakuwa mkubwa, alikuwa na akili. Mwenye akili akae nyuma, kesi imeisha.

Kava_Tatu
Mnazi, mfano wako unakwenda mpaka nusu ya njia. Libero ana kipa nyuma yake, halafu ana kuotea: mabeki wakipanda pamoja, mshambuliaji anapulizwa kipenga. Sefti hana kipa, hana kuotea. Aliyempita amefunga. Ndiyo maana makocha wengine wanamkubali sefti asiyenasa pasi hata moja msimu mzima, ilimradi hakuna anayempita.

Sasa kwako mleta mada. Wote mnabishana kuhusu sefti kama wa NFL, mmesahau uwanja. Upana ni yadi 53 na kidogo kote, lakini vistari vya hashi, pale mpira unapowekwa kabla ya kila mchezo, vya NFL vimekaribiana katikati, kama futi 18 na nusu. Vya sekondari vinaugawa uwanja mafungu matatu sawa. Mpira ukiwekwa kwenye hashi ya kushoto, upande mmoja una yadi kama 18 na mwingine karibu 36. Ukimweka sefti mmoja katikati kama Earl Thomas, upande mpana utamuua. Ni mbio ndefu mno kwa mtoto wa miaka 16.

Kwa hiyo mimi shuleni sigawi mmoja mzito mmoja mwepesi, nagawa upande mpana na upande mwembamba. Upande mpana anakaa mwenye miguu na macho, yadi 11 au 12 nyuma. Upande mwembamba anakaa mwenye kifua, yadi 8, maana huko mkimbiaji hana pa kupita ila juu yake. Hata ligi kubwa majina ya zamani yanafifia. Kyle Hamilton wa Ravens ana futi 6 na inchi 4. Mara yuko nyuma, mara kwenye sloti akimkabili mpokeaji wa ndani, mara anamfuata kwotabeki. Mwite utakavyo.

Ila umetuficha jambo moja. Huyo sefti mwingine uliyebaki naye, atakayecheza pamoja na mrithi, ni mtu wa aina gani?

Nyundo_Mbili
Hapo kwenye hashi umenifunga mdomo, mkuu. Kidogo.

Mama_Zawadi
Samahanini kaka zangu, naingilia. Mwanangu amecheza sefti miaka miwili. Hizo sifa za "akigonga watu wanashika mbavu" mimi hunitia homa. Kijana akipeleka kichwa mbele ni bendera ya mwamuzi, adhabu ya yadi 15, na hiyo ndiyo nafuu, kichwa chenyewe hakina bendera. Kabla hujampa mtu nafasi, kocha, tazama anaangushaje. Ratili 205 zinazokwenda na kofia mbele mimi siziweki popote.

Halafu mbona huyu wa kona hamumtaji? Wangu alitokea kona. Devin McCourty wa Patriots naye alianza kona, akahamia sefti mwaka wa 2012. Ronnie Lott wa 49ers alihama 1985.

Kava_Tatu
Kweli mama, tumemsahau maskini. Ila hao walihama wakiwa wameshaiva. Kona amezoea mstari wa pembeni umsaidie kumbana mtu. Katikati hakuna mstari. Na kona hutazama kiuno cha mpokeaji, sefti hutazama kwotabeki. Kijana wa sekondari atahitaji msimu mzima kuacha tabia hiyo, na wewe unadaiwa jina Jumatatu.

Kigoma_Columbus
Kosa langu, ningelianza na hilo. Mwenzake ana ratili 190, mzuri sana kushuka mbele, mzito kugeuka. Na mechi zetu tatu za kwanza, mbili ni dhidi ya timu za kukimbiza mpira.

Raven_wa_Pwani
Basi mjadala umekwisha! Unataka nyundo wawili ili nani afunge mlango?

Nyundo_Mbili
Nakubali kwa shingo upande. Nyundo wangu arudi lainibeka, mbona ndiyo kazi yake.

Kigoma_Columbus
Nimeongea na kocha mkuu. Mwepesi anaanza, upande mpana. Ratili 205 anarudi alikotoka, kanuna kidogo lakini ataelewa. Wa kona atakuwa anaingia tukicheza na mabeki watano, dauni ya tatu ndefu, yaani jaribio la tatu wapinzani wakidaiwa yadi nyingi, ajifunze taratibu. Limebaki lile la kuning'inia shati. Namfundishaje kabla ya Agosti?

Fulbeki_Nakuru
Maze nimesoma uzi wote nikingoja swali hili. Mimi nilicheza raga shuleni, jezi 15, fulbeki, yaani wewe peke yako na jamaa wa kilo 100 anakuja. Hata Seattle walitoa video 2014 ya kufundisha kuangusha kwa mtindo wa raga, bega mbele, kichwa pembeni.

Mwambie asahau kifua, hapo hana uzito wa kushinda. Macho kwenye mapaja ya mkimbiaji. Asimkabili uso kwa uso, amwachie upande mmoja makusudi, ule wa karibu na mstari, halafu amfuate kwa pembe. Bega liguse paja, shavu likae upande wa makalio, kamwe lisitangulie mbele ya magoti. Mikono izunguke miguu yote miwili na aikaze mpaka wote wako chini. Hapo ratili 160 zinatosha, miguu iliyofungwa haikimbii.

Anza akiwa amepiga magoti, mwenzake anatembea tu. Wiki nzima ya kutembea. Akilalamika kwamba inachosha, mrudishe magotini.

Mama_Zawadi
Huyu ndiye kocha.