Mafuta ya ufuta: ya kienyeji, ya kahawia au ya kiwandani?

Mlaji_Tabata: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kununua mafuta ya ufuta, mwisho Ijumaa. Nimekutana na aina tatu: ya manjano yaliyokamuliwa kienyeji, ya kahawia kwenye kichupa cha supamaketi, na meupe yasiyonukia kabisa. Bei zimepishana mno. Nichukue yapi?

Mama Wawili: Ya kazi gani? Kupikia, kupaka, kunywa? Kiasi gani? Hujasema kitu, kaka.

Fundi_Sufuria: Hayo ya kahawia ufuta wake unakaangwa kwanza ndipo unakamuliwa. Wakorea na Wajapani hudondoshea chakula kikishaiva. Ukikaangia yanaungua na kuwa machungu. Meupe yamesafishwa kiwandani, yanavumilia moto mkali, ila ladha imebaki hukohuko kiwandani.

Nachingwea_Asili: Ya kienyeji, hakuna mjadala. Sisi ndio tunaolima. Chukua mbegu nyeupe, aina inayoitwa Lindi 2002, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Onja bila mkate: yatulie ulimini, ladha ya karanga ije kwa mbali, koo lisikerekete. Likikereketa yamechacha.

Mzee wa Kigamboni: Hayo ya kienyeji yaangalie sana. Nilinunua dumu la lita tano kando ya barabara, kijana anaapa yametoka mashineni asubuhi ile. Nikaonja kidoleni, harufu ipo, nikalipa bila kuomba punguzo. Kufika nyumbani mama watoto anakaanga changu, povu likapanda mpaka likazima jiko. Samaki kavunjikavunjika, wageni wako sebuleni wanasubiri. Nikatia kikombe kwenye friji: asubuhi yameganda kama samli. Mawese hayo, yametiwa ufuta kidogo wa kunukia! Nikarudi, kijana hayupo, na jirani zake hawamjui.

Fundi_Sufuria: Pole mzee. Ila kipimo cha friji kinakamata mawese tu. Wakichanganya na alizeti hayagandi, utajipongeza bure.

Nachingwea_Asili: Ndiyo maana nasema nunua mbegu, simama mashineni, ondoka na mafuta yako na mashudu yako.

Mama Wawili: Na wewe kwako unapikia nini?

Nachingwea_Asili: Alizeti. Mnada ukiwa mzuri nani atabaki na ufuta wa kukamua? Unaenda ghalani wote, halafu meli.

Mama Wawili: 😂😂😂

BintiShangani: Unguja zamani vinu vya mafuta vilizungushwa na ngamia aliyefunikwa macho. Yale ndiyo yalikuwa mafuta, hayapati moto.

Shella_Lamu: Lamu pia walikuwepo, msijitwalie ngamia peke yenu.

Fundi_Sufuria: Kinu nacho kinapata joto, dada. Kukamua polepole ndiko kunakolipunguza.

Mlaji_Tabata: Samahani, nilikuwa kazini. Ni ya kukaangia samaki, na bi mkubwa anataka ya kukandia magoti.

Mama Wawili: Sasa hayo si mafuta mawili hayo? Ungesema mapema.

Mzee wa Kigamboni: Magoti, ya kienyeji. Samaki, mimi nilisharudi kwenye alizeti.

Fundi_Sufuria: Mzee, ya kienyeji safi yanakaanga samaki vizuri tu, moto uwe wa wastani.

Mzee wa Kigamboni: Safi utayajuaje?

Shella_Lamu: Mkuu wa Nachingwea, gunia moja naweza kupata kabla ya mnada? Nijibu inboksi.