Eti "hapa tunafilisi watu, hatufilisi njaa"! Yule wakili wa meza ya mwisho aniombe radhi

Mdaiwa_Sugu: Wadau, damu inanichemka, hata helmeti sijavua. Mnamjua, yule wakili wa msaada wa bure anayekunywa chai kwa kelele.

Nimemweleza kwa adabu: mikopo ya simu imenimaliza, nasikia Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 ina njia ya wasio na mali, miezi 12 ikiisha deni linafutwa. Akauliza nadaiwa ngapi. Nikasema 83,000. Akatua kikombe. Akamwita wa meza ya pili aje ajisikilizie. Kisha, mbele ya foleni nzima: "Bwana mdogo, hapa tunafilisi watu, hatufilisi njaa."

Hatufilisi njaa! Foleni mbavu hawana. Mama mmoja kapaliwa mpaka akapigwa mgongo. Mtoto aliyebebwa amecheka, na meno hana!

Eti njia hiyo ni ya madeni ya kuanzia laki moja hadi milioni nne. Yaani nimepungukiwa na 17,000 ili nifilisike? Nikakope nifikishe? Si angeninong'oneza tu? Wapi! Hatufilisi njaa.

Kuku_wa_Jioni: Wakili hana kosa. Rudi ukiwa umefilisika kiume.

Sheria_Kando: Usithubutu kukopa ufikishe. Ukichukua deni ukijua huwezi kulipa, mlango huo unafungwa. Omba amri ya kulipa kwa awamu, au keti na wanaokudai mkubaliane.

Mdaiwa_Sugu: Niketi nao nile nini? Kasema NJAA, wewe! Mbele ya watu!

Diwani_Mtarajiwa: Samahani, aliyefilisika anaweza kugombea? Namuulizia rafiki.

Sheria_Kando: Katiba inamzuia hadi aondolewe ufilisi.

Kuku_wa_Jioni: Mwambie huyo "rafiki" anilipe elfu mbili yangu ya tangu Pasaka.

Bi_Mswafi: Nyinyi mnacheza. Mweka hazina wa chama chetu kahama usiku na pesa zetu zote. Akijitangaza amefilisika ndio basi tena?

Sheria_Kando: Hapana, mama. Deni la ulaghai halifutwi kwa kufilisika. Hata matunzo ya mtoto hayafutwi.

Baba_Wawili: Matunzo nayo yameingiaje hapa jameni?

Mdaiwa_Sugu: Turudi kwa yule wakili…

Shangazi_wa_Juu: Bi Mswafi, huyo mweka hazina ana mwanya na probox nyeupe?

Bi_Mswafi: HUYO HUYO! Yuko wapi?!