Tupeane uzoefu: mkate wa nyumbani unapogoma, kosa liko wapi?

Mwanzisha mada
Tuweke vipimo na makosa hapa, porojo baadaye. Ili sote tuzungumzie mkate mmoja, tuanzie hapa: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 310, hamira kavu ya chenga gramu 6, chumvi gramu 9, sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula. Tumieni mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa kinaweza kuzidi cha unga uliomiminwa kwa gramu 30. Vikombe vinne tu, tayari mnaoka mkate mwingine.

Povu
Wengi huua hamira kabla hawajaanza kukanda. Maji yawe vuguvugu, nyuzi 35 hadi 38: ukichovya kidole, usisikie moto wala baridi. Yakifika nyuzi 60 hamira imekwisha. Kama imekaa sana kabatini, ikoroge na maji vuguvugu na sukari kidogo, funika dakika 10. Isipotoa povu, tupa, wala usijaribu kuongeza kipimo. Na ile habari kwamba chumvi ikigusa hamira tu inaiua, nayo imetiwa chumvi. Ukichanganya papo hapo hakuna neno. Shida ni kuziacha zikae pamoja zimelowa.

Mkono Mzito
Kosa linaloharibu mikate mingi ni kuongeza unga kila kinyunya kinaponata. Dakika tano za kwanza lazima kinate! Changanya, funika, kipumzishe dakika 20 unga unywe maji, ndipo ukande dakika 10 hadi 12. Kisha kata kipande kama ndimu, ukivute polepole kwa ncha za vidole kwenda pande zote. Kikikatika upesi na kingo zikabaki za kuparuza, rudi kukanda. Kikitanuka kikawa utando unaopitisha mwanga, kimeiva.

Swali
Wa kwangu unaumuka hadi unapita ukingo wa chombo, ukiingia ovenini unabonyea katikati. Niongeze hamira?

Povu
La, hamira si tatizo. Umeuacha ukapitiliza. Hewa imejaa hadi kuta za kinyunya zimechoka, na joto likija zinaporomoka. Saa haina kazi hapa; chumba chenye joto kinamaliza kwa dakika 35 kile ambacho chumba baridi kinachukua saa nzima. Bonyeza kwa kidole kilichopakwa unga, kina cha nusu sentimita. Shimo likiruka juu mara moja, bado. Likirudi taratibu na kuacha alama ndogo, peleka ovenini sasa hivi. Lisiporudi kabisa, umechelewa: toa hewa, kunja upya, umua tena. Hiyo ni kwa mwumuko wa pili, baada ya kukunja. Wa kwanza unangoja tu kinyunya kiwe mara mbili.

Mkono Mzito
Kuna tundu kubwa chini ya ganda la juu? Hilo ni kosa la kukunja. Tandaza kinyunya, toa viputo vikubwa kwa kiganja, kisha kiviringishe kwa kukaza kila mzunguko, ufinye mshono na kuulaza chini.

Ganda
Oveni iwashwe dakika 20 kabla. Anza nyuzi 220 kwa dakika 10, shusha hadi 190 kwa dakika 20 hadi 25. Ganda likiwahi kuwa jeusi na ndani bado mbichi, moto ulizidi. Likibaki jeupe, ama moto ni mdogo au mwumuko ulipitiliza hamira ikamaliza sukari. Mwenye kipimajoto achome katikati: nyuzi 93 hadi 96 umeiva. Asiye nacho augeuze na kuugonga chini, usikike mtupu kama kibuyu. Utoe kwenye chombo papo hapo, mvuke usije ukalowesha kitako. Kisha usiukate kwa saa nzima. Ukikatwa moto ndani hunata kama ugali, na watu husingizia oveni.

Mwanzisha mada
Nyongeza kwa mnaotaka unga usiokobolewa: anzeni na robo tu ya unga wote, yaani gramu 125, na maji yaongezeke mililita 20 hivi. Pumba hunywa maji polepole na kukata nyuzi za gluteni (protini ya ngano inayoshika hewa ndani ya kinyunya), kwa hiyo mapumziko yawe dakika 40. Mengine yote yabaki yalivyo, ili ukiharibika mjue ni unga.