Nasoma solfa na napiga gita: nota za mistari mitano nianzie wapi?

Gita_Arua
Habari zenu wakubwa. Kwaya yetu hapa Arua inaimba kwa solfa (zile herufi d r m), na kwenye gita la nyuzi za nailoni akodi za kawaida nazimudu. Sasa nataka kusoma nota za mistari mitano, na nimekwama pawili. Nota moja kwenye karatasi ina sehemu tatu nne kwenye shingo ya gita, nachaguaje? Halafu, nikipiga mstari uleule na kinanda, gita linasikika liko chini ingawa limetyuniwa sawasawa. Na je, solfa niiache?

NyuziSita
Karibu ndugu. La kinanda kwanza, maana ni fupi. Muziki wa gita huandikwa oktava moja (umbali wa d hadi d ya juu) juu ya sauti yake halisi, ili nota zisijazane chini ya mistari. Ndiyo maana chini ya ufunguo wa G, ile alama ya mwanzo wa mistari, mara nyingi kuna 8 ndogo. Hata isipoandikwa, kanuni ni hiyohiyo. Gita lako ni zima. Mkitaka kulingana, mpiga kinanda ashuke oktava moja.

Sehemu nyingi ni kweli. E iliyo katika nafasi ya juu kabisa kati ya mistari unaipata uzi wa 1 (mwembamba kabisa) ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, uzi wa 2 freti (kile chuma kinachokata shingo) ya 5, uzi wa 3 freti ya 9 na uzi wa 4 freti ya 14. Kwa sasa tumia ile ya kwanza tu. Usivuke freti ya 4, na utaona kila nota inabaki na mahali pamoja, isipokuwa B: ipo uzi wa 2 wazi na uzi wa 3 freti ya 4. Chagua uzi wazi.

Nyuzi wazi zishike kwa macho kabla ya kitu kingine: E ya uzi wa 1 nafasi ya juu, B mstari wa kati, G mstari wa pili kutoka chini, D inaning'inia chini ya mstari wa kwanza, A imekatwa na kimstari cha ziada cha pili chini ya mistari, na E nene chini ya kimstari cha tatu. Anza na uzi wa 1 na wa 2, ongeza wa 3 ukishazoea. Nyuzi nene ziache mwisho, vile vimistari huchelewesha jicho.

Usiandike herufi chini ya nota. Wengi hufanya hivyo na hawaendelei, kwa sababu jicho litasoma herufi kila mara na nota halitaitazama kamwe. Na ukikuta namba ndani ya duara, huo ni uzi. Namba isiyo na duara ni kidole cha kushoto, 1 ikiwa shahada.

Mwl_Kwaya
Solfa usiiache hata kidogo! Unachokosa ni mahali pa kuiweka tu. Chukua ki ya G, yaani d ikiwa G, oktava nzima inakaa kwenye nyuzi tatu nyembamba: d uzi wa 3 wazi, r uzi huo freti ya 2, m uzi wa 2 wazi, f freti ya 1, s freti ya 3, l uzi wa 1 wazi, t na d ya juu zinafuata hapohapo.

Mapigo pia unayajua tayari. Kwenye solfa nukta mbili ( : ) hutenganisha mapigo. Herufi moja peke yake katika pigo ni krocheti, nota ya pigo moja. Ukiona d :– sauti inavuka hadi pigo la pili, hiyo ni minimu. d.r ni pigo lililokatwa nusu, yaani kwava mbili. Nafasi tupu ni kimya.

Chukua sauti ya kwanza ya wimbo wa kwaya ulio katika ki ya G, uinakili. Daftari la kawaida linatosha: tumia mistari mitano, ruka minne, uendelee.

Gita_Arua
Asante sana mwalimu. Hiyo t nikiipiga freti ya 1 ya uzi wa 1 inasikika imeshuka. Tatizo nini?

Mwl_Kwaya
Freti ya 1 ni F ya kawaida. Ki ya G ina shapu moja (alama ya kupandisha nota nusu hatua) mwanzoni, kwenye mstari wa juu kabisa, na inashika kila F mpaka mwisho hata ile ya chini. Kwa hiyo freti ya 2. Kabla ya kupiga, tafuta kwa macho F zote kwenye ukurasa.

BesiJinja
Kunakili ni kuzuri, ila wimbo unaoujua sikio litakutangulia na hutakuwa unasoma. Tafuta mazoezi usiyoyajua. Mazoezi yakiisha, soma ukurasa uleule kuanzia mwisho kurudi mwanzo: ni nota zilezile, lakini sikio halina pa kushika. Metronomu (kifaa cha kulia mapigo) iwe 50 kwa dakika, na ukikosea usirudi nyuma, kamata pigo linalofuata. Anayesimama kurekebisha anajifunza kusimama. Macho yabaki kwenye karatasi. Ukitazama mkono, ukirudi umeshapoteza mstari. Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili.

Na ujiandae kwa 6/8, yaani kwava sita katika kila kipimo, kwa sababu ngoma zetu nyingi, baakisimba ya Waganda ikiwemo, huenda hivyo. Usihesabu kwava sita zilizo sawa, utaburuta. Hesabu mapigo mawili makubwa, kila moja lina kwava tatu, uzito uangukie ya 1 na ya 4. Metronomu ilie kwenye hayo mawili tu, na mguu vilevile.